Bwawa Lililokaushwa

Jumamosi ile Kerttu Rintala alikoka moto wa sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke, mapema, kwa sababu binti yake alikuwa amesema atarudi na baridi mwilini. Akaweka taulo mbili juu ya benchi. Mawe yakapata moto, yakawa tayari kwa mvuke, na Vilja hakuja. Kerttu akaongeza kuni. Akaongeza tena. Jua la Mei halina haraka ya kuzama kule Pohjanmaa, kwa hiyo hakujua ni wakati gani hasa wasiwasi ulimwingia. Alichokikumbuka baadaye ni kwamba kuni za kikapuni ziliisha, naye hakwenda kuchukua nyingine.

Jumanne asubuhi, mfanyakazi wa barabara aliyekuwa akiondoa matawi yaliyokwama kwenye nguzo za daraja la kijiji cha Ylipää aliona koti la manjano majini. Alidhani ni koti tu.

Inspekta Tuure Kangasluoma alipofika, maiti ilikuwa imelazwa juu ya turubai ukingoni mwa mto Vierua. Sajini Nella Tuisku, aliyehamishwa kutoka Helsinki majira ya baridi yaliyopita, alikuwa ameshazungusha utepe wa polisi.

"Gari lake lile pale juu," Nella alisema. "Limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake. Chupa zake za kutekea maji hazipo. Aliteleza, afande. Mto umefurika."

"Umemwona akiteleza, au unadhani?"

"Nadhani."

"Basi sema unadhani. Huku kwetu mtu akisema ameona, anaitwa mahakamani."

Nella alitabasamu kidogo, kisha akaitazama tena turubai na tabasamu likaondoka.

Tuure alichuchumaa. Alimjua Vilja tangu akiwa mtoto wa kuokota magamba ya kome kando ya mto huuhuu. Msichana yule alikua, akasoma, akawa mtaalamu wa planktoni, vile vijimea na vijidudu vinavyoelea majini visivyoonekana bila hadubini. Miaka mitatu iliyopita samaki wa Vierua walipoanza kuelea matumbo juu, yeye ndiye aliyerudi nyumbani kutafuta sababu. Wanakijiji walikuwa na jibu lao tayari: wachimba mboji wa kaskazini. Vilja aliwajibu kwamba jibu la haraka ni la kutuliza watu, si la kuponya mto.

Hakukuwa na jeraha. Soksi za sufu zilikuwa bado miguuni.

Tuure alivua kofia, akapanda kilima kwenda kwa Kerttu.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha.

"Yuko wapi?"

"Darajani, mama. Wanampeleka hospitali."

"Alikuwa amevaa soksi za sufu?"

"Amevaa."

"Nilimwambia avae."

Kerttu alimimina kahawa. Huko hata msiba hukaribishwa kwa kahawa. Vikombe vikapoa mezani, hakuna aliyevigusa.

"Jumamosi alikwenda wapi?" Tuure aliuliza.

"Mtoni, kuteka maji yake. Halafu akasema ana mahali pa kwenda kunywa kahawa."

"Kwa nani?"

"Nilimuuliza. Akaniambia, 'Mama, si adabu kumtaja mtu kabla sijakaa mezani kwake.'" Kerttu alipangusa meza iliyokuwa safi. "Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, Tuure."

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuchukua muda mrefu. Kifo kilitokana na kuzama. Mapafu yalijaa maji, na ndani ya maji hayo kulikuwa na mwani mdogo wenye maganda ya kioo, aina ileile inayojaa Vierua siku hizi.

"Alizama mtoni," daktari alisema kwa simu. "Mwani wa mapafuni ndio mwani wa mtoni. Jalada lako ni jepesi, Inspekta."

Nella tayari alikuwa ameanza kuandika neno *ajali*.

"Ngoja," Tuure alimwambia.

"Tunangoja nini?"

"Kikombe cha kahawa. Kuna mtu alimkaribisha. Jumamosi imepita, Jumapili imepita, kijiji kizima kinamtafuta, na mtu huyo hajafungua mdomo. Kwa nini?"

Nella aliinua vidole kutoka kwenye mashine ya kuandikia.

Siku ya pili alikuja mwanamke mrefu mwenye macho mekundu, amebeba kisanduku cha mbao. Iines Backlund alikuwa amefanya kazi meza moja na Vilja chuo kikuu. Aliomba sampuli za maiti. Akaomba na ndoo ya maji kutoka chini ya daraja. Kisha akajifungia katika maabara ya hospitali, na alipotoka uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi.

"Daktari wenu amekosea," alisema. "Simlaumu. Aliangalia waliopo. Hakuangalia wasiokuwepo."

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

"Samaki akiona maji mabaya anaweza kukimbia. Planktoni haina pa kukimbilia. Maji yakiharibika, jamii nzima hufa, na nafasi yake inachukuliwa na jamii nyingine inayopenda uharibifu huo. Ndiyo maana Vilja alikuwa akiwahesabu. Sasa sikiliza. Ndani ya Vierua leo kuna wenyeji na kuna wageni. Wageni ndio wengi, wale wapenda tindikali. Wenyeji wamebaki wachache, wamedhoofu, lakini kila tone nililolipima la mto lina wenyeji wake. Kila tone."

"Na kwenye mapafu?"

"Wageni watupu. Nikaenda kwenye uboho wa mfupa wa paja, mahali mwani hufika kwa damu tu, moyo ukiwa bado unadunda. Wageni watupu. Mwenyeji hata mmoja hayumo."

Nella aliuliza polepole, "Kwa hiyo hakufia mtoni?"

"Alifia kule wageni walikotoka. Maji meusi yaliyosimama, katikati ya kinamasi. Bwawa. Ijumaa alinipigia simu akasema amelipata. Nilimwambia ataje, tuandikie mamlaka. Akakataa. Akasema lazima kwanza azungumze na mwenyewe, uso kwa uso." Iines alifunga kisanduku chake, kufuli likamshinda, akalifunga tena. "Nilimcheka. Nilimwambia, wewe na heshima zako za kijijini."

Tuure alikuwa amesimama dirishani.

"Upande wa juu wa mto, kutoka darajani, kuna bwawa moja tu," alisema. "Lilikuwepo."

Alilijua. Akiwa bado konstebo alilizunguka kwa mashua ya kukodi, yeye na wenzake wawili, wakivuta ndoano chini ya maji meusi, huku mwanamume mmoja akiwa amesimama ukingoni ameshika jozi ya viatu vidogo. Mtoto aliitwa Pihla Ylipanula. Alikuwa na miaka sita. Tuure ndiye aliyempokea kutoka majini.

*

Nyumba ya Oiva na Saimi Ylipanula ilikuwa imepakwa rangi nyekundu kama nyumba zote za huko, na ua ulikuwa umefagiliwa. Oiva, mzee mwenye mikono mipana, aliwakaribisha mwenyewe.

"Ingia, Tuure. Na huyu ndiye wa Helsinki? Nasikia kule wanatia maziwa kwenye kahawa mpaka ng'ombe anaona haya."

"Mimi nakunywa nyeusi, mzee," Nella alisema.

"Basi kuna matumaini."

Saimi alileta andazi la mdalasini.

"Mmesikia habari za Vilja," Tuure alianza.

"Tumesikia. Maskini Kerttu."

"Alifika hapa Jumamosi?"

"Hapana."

"Hata kupita tu?"

"Nilikuwa nje na trekta. Ningemwona."

"Na wewe, mama Saimi?"

"Nilikuwa kwa dada yangu," Saimi alisema. "Nilirudi Jumapili baada ya kanisa."

Tuure alinywa kahawa yake yote, kama inavyotakiwa. Aliposimama kuaga, macho yake yalipita dirishani hadi kwenye uzio wa nyuma. Pale palikuwa pameanikwa zulia jembamba la matambara, lenye mistari myekundu, ya manjano na ya samawati.

"Mazulia mnafua mapema mwaka huu, mzee."

"Lilimwagikiwa."

"Na nini?"

"Kahawa."

Saimi alimtazama mumewe. Mara moja tu, kisha akaanza kukusanya vikombe.

Garini, Nella alifungua daftari. "Hatujapata kitu."

"Uliliona zulia?"

"Zulia ni zulia, afande. Helsinki tunapeleka kwa dobi."

"Ylipää hakuna mwanamke anayefua zulia kabla ya sikukuu ya Juhannus. Wanangoja katikati ya kiangazi, maji yapate joto, halafu wanafua pamoja kwa sabuni ya msonobari, wanacheka, wanasengenya. Anayefua peke yake mwezi wa Mei anatangaza kwamba nyumbani kwake kuna balaa. Saimi amezaliwa hapa. Hawezi kufanya hivyo."

"Kwa hiyo si Saimi aliyefua."

"Si Saimi. Na aliyefua alilianika nje, kwa sababu huku zulia halikauki ndani. Mtu anaweza kuficha maiti, Nella, na bado mikono yake ikafanya kama ilivyozoea."

Walirudi na hati ya upekuzi. Mafundi wa polisi walilikunja zulia ndani ya mfuko wa karatasi, na Saimi akasimama mlangoni akilitazama likienda kana kwamba wanabeba jeneza.

Kisha Tuure, Nella na Iines walipanda kufuata mtaro uliotoka bwawani kushuka mtoni. Ulikuwa mrefu, umenyooka, kingo zake zimekatwa kwa uangalifu. Si kazi ya mwaka mmoja. Maji yaliyokuwa yakishuka yalikuwa mazuri kutazama, yanang'aa kupita kiasi, na kingo zilikuwa na kutu ya rangi ya chungwa. Juu kabisa, pale lilipokuwa bwawa, palibaki dimbwi jeusi lisilozidi ukubwa wa ua wa nyumba. Kulizunguka, udongo wa buluu ulikuwa uchi, umepasuka, unanuka yai viza.

"Huu ulikuwa sakafu ya bahari zamani," Iines alisema. "Ukiwa chini ya maji umelala. Ukiupa hewa, unatoa tindikali. Yule aliyekausha bwawa hili ndiye aliyeua mto. Hakujua, lakini ndiye."

Alipiga magoti ateke maji. Tuure, bila kufikiri, alishika mkanda wa koti lake asianguke.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya siku chache. Sabuni ilikuwa imeondoa tope, lakini maganda ya kioo yalikuwa yamenasa ndani ya nyuzi. Wageni watupu. Na katika fundo moja la pembeni palikuwa na nywele mbili ndefu za Vilja.

*

Saimi alihojiwa kwanza.

"Nani alifua zulia?"

"Si mimi."

"Ulilikuta wapi?"

"Kwenye uzio. Nilirudi Jumapili, nikalikuta."

"Ulimuuliza mumeo?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Lile zulia nililifuma mwenyewe, kwa nguo za Pihla. Zote. Nilizikata vipande vipande, nikafuma majira mazima ya baridi. Halijawahi kufuliwa hata siku moja. Oiva anajua. Alikuwa akivua viatu kabla ya kulikanyaga." Aliinua uso. "Nilipoliona linachuruzika maji, nilijua kwamba jambo lililotokea ni kubwa kuliko swali langu. Nikanyamaza. Mnifunge kwa hilo kama inafaa."

"Haifai, mama," Tuure alisema.

Oiva aliingizwa alasiri. Alikataa wakili. Tuure alimwambia haki zake, naye akasikiliza kwa adabu kama mtu anayesomewa Injili. Nella alikaa kwenye mashine.

"Vilja alifika kwako Jumamosi."

"Nilishasema."

"Ulisema hakufika. Nywele zake zimo kwenye zulia la Pihla."

Mzee alifumba macho. Hakuyafumbua alipoanza kusema.

"Alikuja kwa miguu akifuata mtaro wangu, viatu vimejaa tope. Alinywa vikombe viwili. Alisifu andazi. Alikuwa na adabu, Tuure, hilo ndilo lililonimaliza. Angekuja na matusi ningemfukuza, leo angekuwa hai."

"Alisema nini?"

"Kwamba mto unakufa kutoka kwangu. Hakunilaumu. Alisema, 'Hukujua, mzee.' Na kweli sikujua. Nilichimba kwanza kwa koleo, baadaye kwa mashine. Kila mwaka bwawa likishuka kidogo. Kila liliposhuka, nililala vizuri zaidi."

"Kwa nini ulichimba?"

"Unaniuliza wewe? Wewe uliyemshika mikononi?"

Nella alitazama mashine yake.

"Niliapa bwawa lile halitamchukua mtoto mwingine," Oiva alisema. "Nilitaka lifikie siku nipite juu yake kwa viatu vikavu. Nilikuwa nimekaribia."

"Vilja alitaka nini?"

"Mtaro uzibwe. Bwawa lijae tena."

"Ukakasirika."

"Hapana. Nilimwambia njoo nikuonyeshe. Nilidhani akipaona mahali penyewe ataelewa. Nikamwonyesha jiwe ambapo Pihla aliacha viatu. Akalia. Nakuapia, alilia. Nikadhani ameelewa. Halafu akafuta macho, akapiga magoti ateke maji yake, akasema, 'Pole sana, mzee Oiva. Lakini bwawa lazima lirudi.'"

"Ukamsukuma."

"Nikamsukuma."

"Maji yalikuwa na kina gani?"

"Kiunoni. Lakini chini ni tope, linavuta. Na baridi ya Mei unaijua. Aliinuka mara moja. Akaninyooshea mkono."

"Na wewe?"

Mzee alifumbua macho.

"Kwa Pihla sikuwepo. Miaka yote nimejiambia, ningekuwepo ningeruka hata na viatu. Kwa huyu nilikuwepo. Nikasimama tu."

Mashine ya Nella ilinyamaza. Tuure alimwashiria aendelee, naye akaendelea.

"Maji yalipotulia ndipo miguu ikanirudia. Nilimvuta nje. Nikakimbia nyumbani nikachukua kitu cha kwanza cha kumfunika. Chumba cha mtoto kiko karibu na mlango. Nikamfunga ndani ya zulia, nikamsugua, kama unavyomsugua mtoto aliyetoka kuogelea. Nilimsugua muda mrefu. Alfajiri nikampeleka mtoni na trekta. Chupa zake nikazitupa palepale bwawani."

"Ulikuwa na jiko la sauna, Oiva. Kwa nini hukulichoma zulia?"

Kwa mara ya kwanza sauti ya mzee ilikatika.

"Ile nyekundu ni koti lake la theluji. Ile ya manjano ni gauni la siku ya kuzaliwa. Ningemchomaje?"

Aliweka mikono juu ya meza yeye mwenyewe, kiganja juu ya kiganja, akingoja pingu. Tuure hakumfunga. Alimshika kiwiko akampeleka mahabusu, wakatembea taratibu kwa sababu goti la mzee lilikuwa linamuuma.

*

Kerttu alipoambiwa ni nani, aliuliza swali moja: kama Saimi alijua. Tuure akasema hapana. Kerttu akaitikia kwa kichwa, akamwomba aondoke, ana mambo ya kufanya.

Oiva alihukumiwa kwa kuua. Hakukata rufaa.

Shamba likabaki mikononi mwa Saimi. Mamlaka ya mazingira ingeweza kumwandikia barua, lakini Tuure alikwenda mwenyewe na Iines. Saimi aliwatilia kahawa. Iines akaeleza yote upya: udongo, tindikali, mwani, wenyeji wachache waliobaki mtoni ambao bila maji ya bwawa kurudi juu ya udongo ule wangetoweka nao. Alieleza vizuri, kwa upole, lakini alipofika kwenye neno *kujaa*, alishindwa kulitamka.

Saimi alimsaidia.

"Mnataka lijae."

"Ndiyo, mama."

"Ndilo alilokuja kuomba yule msichana?"

"Ndilo."

Saimi aligeuza kikombe chake kwenye kisahani, mara moja, mara ya pili.

"Zibeni," alisema. "Lakini jengeni uzio."

Mtaro ulizibwa kwa udongo na magogo kabla ya majani kuanguka. Theluji ya mwaka ule ilipoyeyuka, bwawa lilifika kwenye ukingo wake wa zamani. Mtoni wenyeji bado ni wachache. Iines anasema itachukua miaka, na huenda wengine wasirudi. Uzio ni wa waya, mrefu kuliko mtu, na una lango moja. Ufunguo anao Saimi. Kila mwezi Iines huenda kwake kuuomba, na Saimi huvaa koti, humsindikiza mpaka langoni, na hungoja hapo mpaka atoke.